Mzee wa Jezi Namba 7

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Mchezaji ajue vipi kwamba wakati wake wa kustaafu umewadia?" Najua wengi watajibu kwamba aondoke angali juu, kabla ya kuzomewa, maana ngoma ikivuma sana hupasuka. Mimi nakataa. Na shahidi wangu si wa soka, wala si wa huku kwetu. Ni Mfilipino, mcheza basketi, jina lake Robert Jaworski, na alivua jezi akiwa ameshavuka miaka 50.

Nilimjulia melini. Mwaka 1991 nilikuwa msaidizi wa jikoni kwenye meli ya shehena, mtoto wa Mombasa peke yangu katikati ya Wafilipino. Aliyewahi kufanya kazi nao anajua: wape kipande cha bati na nondo moja, kesho yake utakuta goli la kikapu. La kwetu walilichomelea huku nyuma, duara la nondo na wavu uliosukwa kwa kamba za meli. Pembeni walitundika nyavu za kupakilia mizigo ili mpira usitumbukie baharini, na bado tulipoteza mitatu kabla ya kufika Singapore.

Mkubwa wetu wa deki alikuwa mtu mzima, mnene, goti moja bovu. Sote tulimwita Kuya, yaani kaka kwa Kitagalog. Bandarini alipokea kifurushi kutoka kwa mkewe, ndani yake samaki wakavu, sabuni na kanda ya video. Samaki aliwagawa siku hiyo hiyo. Kanda hakumwachia mtu hata kuishika.

Ilikuwa fainali ya mwaka ule ya ligi yao ya kulipwa, PBA, Ginebra na Shell. Bingwa ni wa kwanza kushinda mechi nne. Ginebra walikuwa nyuma, moja kwa tatu, mtu mwingine angekwisha kukunja jamvi. Wakashinda ya tano, wakashinda ya sita, na ya saba ndiyo hiyo tuliyoitazama chumba cha kulia mpaka picha ikaanza kurukaruka. Sekunde zinaisha, matokeo sare, Rudy Distrito anapenya, anaurusha mpira huku ameshapoteza mizani, unaingia. 104 kwa 102. Kila mara ilipofika hapo Wafilipino walipiga kelele kama vile hawajui kitakachotokea. Mimi nilikuwa nikimtazama mzee mmoja mrefu aliyesimama ukingoni. Nikauliza, huyu kocha mbona amevaa nguo za kuchezea? Wakacheka mpaka wakapaliwa. Kocha ndiye mchezaji! Wakati huo Jaworski alikuwa na miaka 45.

Miezi iliyobaki Kuya alinisomesha habari za mtu huyu usiku kwa usiku, na baadaye nimefuatilia mwenyewe. Jaworski alizaliwa Baguio, mji wa milimani huko Luzon, tarehe 8 Machi 1946, baba Mmarekani mwenye asili ya Poland, mama Mfilipino. Alianzia kutamba Chuo Kikuu cha University of the East chini ya kocha Baby Dalupan. Mwaka 1967 alikuwamo kwenye timu ya taifa iliyotwaa ubingwa wa Asia kule Seoul, na mwaka uliofuata akaenda Olimpiki ya Mexico.

Msidhani nawaletea malaika. Mwaka 1971, akichezea Meralco dhidi ya Crispa, yeye na mwenzake Alberto Reynoso waliwavamia marefa wawili. Wakafungiwa maisha. Miaka 25 tu, na mchezo umeshaisha. Bahati yake, mwaka 1973 Manila iliandaa ubingwa wa Asia, taifa likaona linawahitaji, adhabu ikafutwa, na kombe likabaki nyumbani. Ukitaka kusema sheria ilipindishwa kwa ajili ya kombe, sitakubishia.

PBA ilianza mwaka 1975, ligi ya kwanza ya kulipwa barani Asia, na timu zake ni za makampuni, si za miji. Sisi tuliokua na Bandari na Kenya Breweries hatushangai. Ila kule mwenye timu akibadilisha bidhaa anayotaka kuitangaza, jina la timu nalo hubadilika. Leo mnaitwa pombe ya jini ya aina hii, mwakani ramu ya aina ile, wachezaji ni wale wale. Jaworski alikuwa Toyota, wapinzani wakubwa wa Crispa, na nyumba nyingi nchini ziligawanyika kwa timu hizo mbili kama zetu zinavyogawanyika kwa Gor na AFC. Mwaka 1978 alichaguliwa mchezaji bora wa msimu. Hakuwa mfungaji wa kutisha kama mwenzake Ramon Fernandez. Kazi yake ilikuwa pasi, kuiba mipira, na kumgonga mtu pale refa asipoona.

Toyota ilipovunjwa baada ya msimu wa 1983, wachezaji waliuzwa kwa mkupuo kwa kampuni ya bia. Jaworski akagoma, hakukubali kuhamishwa kama gari kuukuu. Yeye na Francis Arnaiz, mwenzake wa Toyota, wakaenda Gilbey's Gin, timu ambayo baadaye ndiyo ikaitwa Ginebra. Fernandez akabaki kwa wale wapya, na urafiki wa miaka kumi ukafa pale.

Sasa nafika kwenye swali lenu. Mwaka 1984 alikuwa na miaka 38. Kwa hesabu ya "ondoka ungali juu" alitakiwa aage hapo. Vikombe vyote vya Toyota alishavibeba. Angeondoka, Wafilipino wangemkumbuka kama stadi mmoja kati ya wengi. Yale yanayowafanya walie wakimtaja yalikuja baadaye.

Oktoba 1985, Ginebra wanacheza na NCC. Robo ya pili kiwiko cha mpinzani kinampasua mdomo. Anakimbizwa hospitali, anashonwa nyuzi tisa. Timu yake inazama, pointi 15 nyuma, mara robo ya nne mlango wa uwanja unafunguliwa na mzee anaingia, mdomo umefungwa plasta. Kuya alikuwa akinionyesha hapa kwa kujibana mdomo na vidole viwili, anatembea taratibu chumba kizima, kichwa juu. Uwanja ukalipuka. Jaworski akaingia kucheza, NCC wakapoteza miguu, Ginebra wakashinda. Tangu siku hiyo timu ile ikawa timu ya watu wasiokubali kwamba wamekufa, na wapagazi, madereva wa jipni, matatu za kule, na wauza samaki wakaifanya yao.

Ubingwa ukaja 1986, 1988, 1991 na 1997, yeye akiwa kocha. Na kama mchezaji? Hapo ndipo wenye kumsema wana hoja. Kocha anayejipanga mwenyewe, nani wa kumwambia kaa? Nimelifikiria sana hili. Lakini tazama alivyofanya: kadiri miaka ilivyosogea ndivyo alivyojipunguzia dakika. Jioni nyingi alikaa kwenye benchi mpaka watu wakaanza kuimba, "Jawo! Jawo!" Anajifanya hasikii. Wanazidisha. Akisimama tu kuvua suruali ya juu, kabla hajagusa mpira, timu pinzani imeshachanganyikiwa. Vijana wake walipata dakika zao, na yeye akabaki na kile ambacho kijana hana. Astaafu yule anayekalia nafasi ya mwenzake. Jaworski hakukalia ya mtu.

Tena kuna mechi ya nyota wote ya mwaka 1989, wakongwe dhidi ya vijana. Sekunde za mwisho, Jaworski nje ya mstari na mpira mkononi, anamtafuta wa kumpa. Anampa Fernandez, yule yule aliyekuwa hasemi naye. Fernandez anafunga, wakongwe wanashinda, na Dalupan, kocha wao siku hiyo, anawaleta pamoja wapeane mikono katikati ya uwanja. Wangestaafu "wangali juu", mkono ule ungetolewa wapi? Labda msibani.

Alipokosea kipimo ni kwingine. Mwaka 1998 alichaguliwa seneta kwa kura za watu wale wale wa "Jawo! Jawo!" Januari 2001, katika kesi ya Seneti ya kumwondoa Rais Estrada madarakani, alikuwa mmoja wa maseneta 11 waliopiga kura bahasha ya ushahidi isifunguliwe, na watu wakamiminika barabarani mpaka Estrada akaondoka. Mwaka 2004 aligombea tena, akaanguka. Uwanjani alijua kusikiliza jukwaa hata akijifanya kiziwi. Bungeni, naona, hakulisikia. Hata hivyo mwaka 2012 jezi yake namba 7 ilipandishwa darini kwa heshima, isivaliwe tena, na hakuna aliyeuliza habari za bahasha.

Kuya mwenyewe alikuwa kwenye mkataba wake wa mwisho. Jioni alikaa juu ya gogo la kufungia kamba, taulo shingoni, anapuliza filimbi ya urefa. Upande mmoja ukizidiwa, vijana walianza kumtania: "Jawo! Jawo!" Alikunja taulo. Akalikunjua. Akalikunja tena. Kisha akavua buti, moja baada ya jingine, akaingia akichechemea.

Siku ya mwisho kabla ya kushuka alicheza kama dakika nne hivi. Alitoa pasi mbili. Ya kwanza ilimkuta fundi wa injini chini ya goli, akafunga. Ya pili ilipita juu ya vichwa vyetu, ikapita juu ya nyavu, na huo ukawa mpira wa nne.