Diski mbili za giga 500

Jana nimemkuta kijana wangu hapa Makole, Dodoma, kafungua kompyuta ya mteja, diski mbili zinaning'inia kwenye waya, naye anabofya "sawa, sawa, sawa" kama anayesaini mkopo wa kikoba bila kusoma. Wadogo zangu, haya ya kuandaa diski mpya nimeyasema hadi koo limekauka. Sasa nayaandika.

1. Diski mpya haionekani? Haijafa. Fungua Disk Management, programu ya Windows ya kusimamia diski, utaikuta inasubiri kuanzishwa. Usimrudishe mteja dukani akagombane na watu bure.

2. Utaulizwa aina ya jedwali la patisheni (vipande vya diski): GPT au MBR. Chagua GPT. MBR inaishia tera 2 na patisheni kuu 4 tu. Mtu ananunua tera 4, mbili zinakaa kama kiwanja kisicho na hati.

3. Jua ipi ni ipi. Hapa tukae kidogo.

Mwalimu mmoja wa mtaa wa Kikuyu, hapahapa mjini, aliniletea diski yake ya zamani ya giga 500, imejaa, na mpya ya giga 500, kampuni ileile. Nikaichomeka mpya kwenye mashine ya ofisi, ikasoma Disk 1. Kabla sijagusa kitu, umeme ukakatika. Uliporudi nikachomeka zote mbili, na bila kufikiri ile ya zamani nikaiweka kwenye tundu la kwanza. Kichwani bado naimba: mpya ni Disk 1, kumbe namba zinaweza kubadilika ukichomeka upya. Nikafungua diskpart, ile ya kuandikia amri za diski. Select disk 1. Clean. Sekunde moja, kimya.

Hapo bado nilikuwa na pa kutokea. Clean inafuta jedwali la patisheni tu. Ningesimama pale, programu ya kurejesha faili ingeokoa karibu kila kitu. Lakini mimi fundi makini bwana, sitaki fomati ya haraka! Nikaweka fomati kamili, ambayo tangu Windows Vista inaandika sifuri diski nzima, nikaenda zangu kula chipsi mayai.

Nimerudi, asilimia 100. Naigeuza diski niifunge, chini yake kuna kipande cha plasta kimeandikwa kwa peni ya bluu: PICHA ZA MAMA.

Kesho yake mwalimu akaja na mfuko wa zabibu. "Mwanangu, na ile ya zamani nayo bado nzima?" Nikamweleza. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Akachukua diski zake mbili, zabibu akaziacha. Ziliozea juu ya printa. Hakuna aliyethubutu kuzigusa, mimi wa kwanza.

4. Kwa hiyo: diski yenye mali ya mtu, ichomoe kabisa kabla ya kugawa nyingine. Haiwezekani? Andika detail disk, usome modeli, ulinganishe na lebo. Na ugeuze diski, uangalie plasta.

5. Tera 1 itasoma giga 931. Kiwanda kinahesabu kwa 1000, Windows kwa 1024. Mwambie mteja mapema, kabla hajakuita mwizi.

6. Mfumo wa kupangia faili: diski ya ndani, NTFS. Inayozunguka kwa watu, exFAT. FAT32 inagomea faili linalozidi giga 4, na video za harusi za mji huu mnazijua zilivyo ndefu.

Yule kijana wa jana, nimekagua: diski aliyokuwa anaifomati ilikuwa sahihi. Nilipomuuliza amejuaje, akasema, "Si ndiyo Disk 1, bro?" Soda nimemnyima.