Nyanya zako za Minneapolis

Mwanangu,

Sisi huku Njombe tu wazima. Umeniuliza ukate matawi yapi, maana nyanya zako zimekuwa pori, Agosti inakwisha na baridi ya huko ikianza haina msamaha. Mimi nakuuliza kwanza: yale majani umeshayatazama yanafanya kazi gani? Mtu hashiki kisu kabla hajatazama. Nimekwambia hivyo tangu mdogo na nitarudia.

Unakikumbuka kinyungu chetu, ile bustani ya bondeni, mwaka ule mdogo wako alipolazwa nikawa naye hospitali. Nyanya zilikuwa zimetunga vishada hadi chini, zote bado za kijani. Baba yako mdogo akashuka kunisaidia, akapukutisha majani yote, akabakiza shina na matunda. Ilikuwa Juni, na Juni yetu unaijua: usiku jalidi, umande ukaganda kuwa barafu, mchana jua kali bila wingu. Siku chache tu kila tunda likatoka baka jeupe upande wa jua, ukibonyeza kidole kinazama. Kisha jalidi ikatua bondeni. Za jirani ziliungua majani ya juu, matunda yaliyojificha chini yakapona. Zetu zilikuwa uchi. Jioni nilimwandalia chakula, sikumwambia neno. Hadi leo nikipita pale roho inaniuma.

Lakini nisimwonee. Katikati palikuwa pameziba, hewa haipiti, na ugonjwa wa bakajani hupenda unyevu kama ule. Tungeziacha vile, pengine ugonjwa ungeitangulia jalidi. Kupunguza kulitakiwa, nakubali. Ila ni majani ya chini yanayogusa udongo na yaliyoanza unjano, basi. Maotea ya kwapani, vile vichipukizi kati ya shina na jani, unayavunja kwa vidole yakingali madogo, umande ukishakauka. Sasa mtu aliyekuta pori tayari angejuaje aanzie wapi? Angetazama! Hashiki kisu kabla hajatazama.

Halafu kuna aina. Zile fupi hukoma kukua zenyewe na kuzaa kwa mkupuo. Ukizing'oa maotea umejinyima mazao. Zile ndefu za kufunga kwenye miti hukua hadi baridi iziue, na ua huchukua wiki 6 hadi 8 kuwa tunda jekundu. Ua linalofunguka kwako leo litaivia wapi? Ndiyo maana watu hukata ncha kama mwezi mmoja kabla ya jalidi, nguvu iende kwenye matunda yaliyokwisha kutunga. Kwa hiyo kata ncha leo hii. Hapana, ngoja, sijaziona, na mdomo unaniwasha kusema. Nipigie picha ya mmea mmoja kwa karibu, kutoka chini hadi kileleni, nione kama kilele kinatoa jani jipya au kimeishia kwenye maua, nijue ni ndefu au fupi.

Usiku watakaotangaza jalidi, chuma zote zilizofikia ukubwa wake, hata za kijani. Usizitie kwenye friji, hazitaiva vizuri. Zipange kwenye boksi ndani ya nyumba, weka ndizi mbivu katikati, na kila siku zipitie uondoe inayoanza kuoza isije ikaambukiza nyingine.

Mama yako