Nusu ya dawa ya mbwa si dawa ya paka

Baridi ya Juni imebana. Paka, mbwa na simbilisi (wale wanyama wadogo wa jamii ya panya tunaowafuga) wote wamehamia jikoni, na barua za wiki hii karibu zote ni za viroboto.

*Shikamoo daktari. Nimenunua kichupa kimoja cha matone ya shingoni, cha mbwa mkubwa. Nina mbwa na paka. Naweza kumpaka mbwa mwingi, paka nikamdondoshea kidogo tu? (Mama wa Uyole)*

Marahaba mama. Paka usimguse nayo, hata tone. Geuza pakiti usome maandishi madogo: matone mengi ya mbwa yana permethrini, sumu ya kuua wadudu. Mbwa anaivumilia, lakini ini la paka haliwezi kuivunja haraka, inabaki mwilini na kushambulia mishipa ya fahamu. Hilo neno "kidogo tu" ndilo ninalolisikia kila ninapoletewa paka kwenye kikapu, masikio yanachezacheza, mate yanamtoka, mwili mzima unatetemeka. Wengine hufika wameshaanza degedege.

Ikitokea umempaka kwa bahati mbaya, usingoje dalili, maana zinaweza kuchelewa saa kadhaa, hata siku mbili au tatu. Muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, umkaushe, umfunge kwenye khanga nzito apate joto, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo na pakiti yako mkononi. Maji ya moto hapana, yanafungua ngozi inywe dawa zaidi. Maziwa nayo hapana. Najua kwetu kila sumu dawa yake ni maziwa, lakini sumu hii imepitia kwenye ngozi, na mnyama anayetetemeka ukimnywesha kwa nguvu yataingia mapafuni.

Kama mbwa wako umeshampaka, asilale na paka kwa siku tatu. Paka wanalambana na wenzao, na mbwa wa nyumbani kwao wanamhesabu humo humo.

*Jirani anampaka kijibwa chake dawa ya ng'ombe, ile ya kumwaga mgongoni. Viroboto wamekwisha kabisa. Mbona mnatuuzia vichupa vya bei? (Kijana, Mafinga)*

Viroboto watakufa, sibishani. Ila dawa ile imepimiwa mnyama wa kilo mia kadhaa, na kijibwa cha kilo 6 unampimia kwa macho. Mbaya zaidi ni wale wanaochukua dawa ya josho yenye amitrazi, sumu ya kupe, na kuikoroga kwenye ndoo: ikizidi, mbwa analegea, anasinzia, mapigo ya moyo yanashuka. Kama una mzani wa kupimia viazi, mbebe mbwa upande naye, kisha upande peke yako, utoe. Dawa inanunuliwa kwa kilo hizo.

*Paka wangu ametuletea viroboto na simbilisi wanajikuna sana. Nina sungura pia. Matone ya paka yanawafaa? (Msomaji, Makete)*

Hapa ndipo watu wa nyanda zetu za juu kusini tunapokosea, kwa sababu pakiti ziliandikwa kwa ajili ya nyumba ambazo simbilisi hawalali chini ya benchi la jikoni. Fipronili, sumu ya viroboto ambayo paka anapakwa bila shida, inaweza kumuua sungura. Usimpake kabisa. Simbilisi naye ana uzito wa kilo moja hivi, wengi hawafiki, na kichupa cha paka hakikupimiwa yeye. Halafu tuseme ukweli, simbilisi wa Makete mwisho wake ni mboga, na dawa hizi hazikutengenezwa kwa mnyama wa kuliwa.

Kwanza hakikisha ni viroboto kweli. Simbilisi wana chawa wao, hawaruki. Nasa mmoja kwa selotepu umpelekee afisa mifugo. Wakati huo mtibu paka, umtenge na simbilisi mpaka dawa ikauke, utupe nyasi zao zote za kulalia na kuweka mpya.

*Nimempaka paka dawa yake halisi, wiki ya pili bado naona viroboto. Nimeuziwa feki? (Iringa mjini)*

Inawezekana, lakini mara nyingi kosa ni la mkono. Je, uligawa manyoya mpaka ukaona ngozi, pale chini ya kisogo asipoweza kulamba? Dawa ikibaki juu ya manyoya ni hasara. Ulimwogesha siku mbili kabla au baada? Kama yote hayo uliyafanya sawa, basi unaowaona ni wapya. Mayai huanguka kwenye magunia na mikeka, na buu likishajifunga kwenye kifuko chake linaweza kusubiri miezi. Nje baridi inawachelewesha, ila karibu na mafiga kuna joto mwaka mzima. Fua matandiko kwa maji ya moto, anika juani, fagia pembe zote, na urudie dawa baada ya mwezi kama pakiti inavyosema, si baada ya siku tatu kwa hasira.

*Mtoto wa paka wa wiki tano? (Tukuyu)*

Bado mdogo, matone mengi yanaanzia wiki nane. Tumia kichana cha chawa na bakuli la maji ya sabuni pembeni. Kiroboto akinaswa kwenye meno ya kichana mtumbukize humo humo, usimbane kwa kucha, ataruka.