Maswali ya masoko: Mteja ni wako, au ni wa mtandao?

Wageni siku hizi huuliza akili unde badala ya kutafuta Google. Je, tufunge tovuti yetu kuokoa gharama? (Kampuni ya utalii, Arusha)

Msifunge. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, na Google yenyewe ilipoanza mwaka 2024 kuweka majibu ya akili unde juu ya matokeo yake, ni kweli kwamba msafiri anaweza kujibiwa bila kufungua ukurasa wowote. Hata hivyo, programu hizo hazijawahi kufika Serengeti. Zinategemea yaliyoandikwa na watu, na tovuti yenu ni mojawapo ya mahali zinapoyapata. Kampuni inayojitangaza kwa "huduma bora kwa bei nafuu", kama zinavyojitangaza nyingi za mjini hapa, haimpi yeyote sababu ya kuitaja. Elezeni mnachokijua: kwa nini siku ya ziada katika njia ya Lemosho ya kupandia Mlima Kilimanjaro humsaidia mpandaji kuizoea hewa nyepesi, nyumbu huzalia Ndutu kipindi gani, na katika bei yenu ni kiasi gani kinamfikia mpagazi. Maoni ya wageni nayo yawe ya kweli, kwa kuwa Marekani, wanakotoka wageni wengi wa kanda yetu ya Kaskazini, ilipiga marufuku maoni ya kubuni na ya kununua mwaka 2024.

Ninauza vitenge Instagram pekee na biashara inakwenda. Je, ninahitaji kingine? (Mbuyuni, Moshi)

Unahitaji, mama. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita, na mfanyabiashara aliyewaweka wateja wake humo tu hakuwa na njia ya kuwafikia. Akaunti ikidukuliwa au kufungiwa, huenda isirudi kabisa. Endelea kuuza humo, lakini uwe na daftari lako la wateja, lenye jina, namba ya simu, alichonunua, na ridhaa yake ya kutumiwa ujumbe.

Nimeuziwa namba za simu za watu elfu kumi kwa bei ndogo. Nianzeje kuwatumia matangazo?

Usianze. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 2023, na watu hao hawakukupa ruhusa yoyote.

Ninunue wafuasi wangapi ili ukurasa wangu uaminike?

Hata mmoja usinunue. Swali hili limekwisha kujibiwa hapa, na ninawasihi wasomaji wasome kabla ya kuuliza. Mfuasi wa kununuliwa hanunui bidhaa, na mteja makini akiona maelfu ya wafuasi wasiouliza hata bei atakutilia shaka.

Ninasomea masoko hapa Moshi. Je, akili unde itachukua ajira yetu?

Itachukua ya yule ambaye kazi yake yote ni kunakili matangazo ya wenzake. Wewe uko katika mji wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanza mwaka 1933, na soko la kahawa hiyo linabadilika: kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ingawa utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inamtaka mwingizaji aonyeshe shamba kahawa ilikotoka na kwamba msitu haukufyekwa kwa ajili yake. Taarifa hiyo haipatikani kwa kuiuliza programu. Lazima mtu apande hadi Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, azungumze na mkulima mpaka amwamini, apime mipaka ya kihamba (shamba la ukoo la Wachaga), kisha aweze kuyaeleza hayo kwa mnunuzi wa Hamburg kwa lugha anayoielewa. Omba mafunzo kwa vitendo katika chama cha msingi cha ushirika kabla hujaomba katika wakala wa matangazo.