Shangazi, bosi kaniletea barua ya kuacha kazi imeshachapwa, anataka saini yangu tu

*Shangazi shikamoo. Mi ni dada wa miaka 31 niko Kigoma mjini, ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi huku Mwanga, mwezi wa tatu nimefunga miaka minne. Mzee mwenye duka aliugua akamleta mtoto wa ndugu yake awe meneja, tangu hapo sina amani. Kanitoa grupu la kazi, kanitoa kaunta kanipeleka stoo kuhesabu misumari na kiti hamna, ananifokea mbele ya wateja, halafu kasema kuna shoti ya laki mbili na themanini nikatwe mimi. Juzi kanipa barua imeshachapwa kwamba naacha kazi kwa hiari yangu, eti "saini tuachane kwa amani, ukikataa utaona", mwisho Ijumaa. Mume wangu yuko kwenye mitumbwi ya dagaa Kibirizi, anasema niache tu heshima kwanza. Nimesharekodi voisi noti ya dakika saba ya kumpa ukweli wake, nasubiri kubonyeza tu. Nifanyeje?*
*Mama Wawili, Katubuka*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hapo kwenye misumari nilicheka nisamehe, maana nimemuona kabisa huyo kijana amekaa kwenye kiti cha mzee anafikiria nimpe kazi gani huyu dada mpaka achoke mwenyewe.

Sasa jiulize kitu kimoja. Huyo ni meneja, funguo anazo, mhuri anao, kwanini anakuomba saini? Angekuwa na kosa lako la kweli si angekufukuza asubuhi tu! Anakuomba kwa sababu kukufukuza kuna kazi yake na yeye hataki kuifanya. Inabidi akuandikie tuhuma, akupe angalau masaa 48 ujiandae, akuite kikao uje na mfanyakazi mwenzio au mtu wa chama chenu kama mnacho, akusikilize, ndo aamue. Na ukienda kumshitaki, mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali ni mwajiri, sio wewe. Barua ya "naacha kwa hiari yangu" inamfutia yote hayo kwa mkupuo mmoja, yaani anataka mkono wako ndo umalizie kazi yake.

Hiyo barua usisaini. Ijumaa akikuita usigombane, mwambie naomba nakala nikaisome nyumbani. Akikataa kukupa, sema basi siwezi kusaini nisichokisoma, rudi stoo kwenye misumari yako uhesabu. Na usiache kwenda kazini hata siku moja kwa hasira, maana utasikia umetoroka kazi, atakuwa amepata alichokuwa anakitafuta.

Mi mwenyewe nilishafanya huo ujinga. Enzi hizo nipo Tabora, ofisi siitaji, bosi akanihamishia meza karibu na mlango wa choo, nikavumilia kama miezi miwili hivi, siku hiyo nikaandika mistari miwili nikaibamiza mezani kwake nikatoka kichwa juu, nikatembea kwa miguu mpaka Isevya najiona shujaa kweli kweli. Nimefika nyumbani nimevua viatu ndo nakumbuka hata likizo ya mwaka mzima sijaichukua wala sijaidai, cheti cha utumishi sina, na kila mtu pale ofisini anaamini nimeacha kwa kupenda kwangu kwa sababu si nimeandika mwenyewe! Wiki ya pili nilikuwa nakopa unga. Bosi alifurahi, nasikia alinunulia watu soda.

Kwa hiyo hesabu zako zijue. Mwajiri akikuachisha kazi, na mshahara wako ni wa mwezi, notisi ni siku 28 au akulipe hizo siku. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, wewe minne ni siku 28, ila hicho ni cha aliyeachishwa na mwajiri bila kosa la utovu wa nidhamu, aliyeandika naacha mwenyewe asikitegemee. Likizo ambayo hujala ni pesa yako. Na kama unachangia NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kuna fao la kukosa ajira na aliyeacha kazi kwa hiari halipati, sa unaona hilo neno "hiari" lilivyo ghali? Tena kabla ya Ijumaa kaulizie michango yako kama inaingia kweli, maana mameneja wa aina hii nawajua.

Hiyo shoti nayo, laki mbili na themanini imetoka wapi? Hakati hivi hivi. Kwanza ionekane ni uzembe wako, akuandikie ilitokeaje, ni kiasi gani na kaipigaje hesabu, akupe nafasi ya kupinga, na hata ikithibitika makato hayazidi robo ya mshahara kwa mwezi. Muombe hayo kwa maandishi. Na kwa vile alishakutoa kaunta, andika tarehe uliyokabidhi droo na nani alipokea, hii ni muhimu kuliko kulia.

Halafu nunua daftari. Kila tukio, tarehe, saa, nani alikuwepo, meseji zake zipige skrinshoti umtumie dada yako azitunze. Kisha muandikie mzee mwenye duka barua ya malalamiko, fupi, bila matusi, ukipeleka ibaki nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Kwenda kumjulia hali ni sawa na ni vizuri, ila usimpelekee kesi kitandani, mgonjwa ni mgonjwa.

Kwanini nakusisitizia hiyo barua? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inajua kabisa mtu anaweza kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, na hiyo inahesabika kuwa ameachishwa. Ila utaulizwa, ulilalamika kwa nani kabla ya kuondoka? Ukiwa na mikono mitupu hapo utapata tabu. Ukiwa na barua, daftari na ile karatasi yao iliyochapwa, unaongea.

Akikufukuza, au siku ikifika kweli huwezi tena, nenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, pale pale Kigoma, ujaze fomu yao namba 1 ndani ya siku 30. Siku thelathini mwanangu, usisubiri shemeji arudi kutoka Kasulu akushauri. Wanaanza na usuluhishi, na wengi humalizana hapo hapo.

Sa kuhusu baba watoto. Anakupenda, hapendi kuona mkewe anadharauliwa, na hapo nampa heshima yake. Lakini mkumbushe taratibu ukiwa unamtengea chakula, mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliki, na 2024 Ziwa Tanganyika lilivyofungwa watu wasivue miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, mshahara wa nani ulipika ugali hapo nyumbani? Mimi sisemi ung'ang'anie hapo mpaka uzeeke. Tafuta kazi nyingine kimya kimya, Kigoma maduka ni mengi na keshia wa miaka minne anajulikana. Ukiipata utaandika barua yako mwenyewe, kwa maneno yako, utoe notisi.

Hiyo voisi noti, dakika saba jamani! Ifute leo kabla hujalala, na usiisikilize tena ndo ufute, maana utajiona ulivyopangilia vizuri utabonyeza. Ijumaa jioni niandikie alisema nini.