Kasi ya Treni Ipime kwa Sekunde

Kila nikisikia mtu akisema treni ya SGR, ile reli ya kisasa ya Mombasa na Nairobi, "inakimbia 120", hutamani kumuuliza: wapi, na kwa muda gani? Hiyo kilomita 120 kwa saa ni kasi ya juu ya treni ya abiria. Njia yenyewe ina kilomita 472 hivi, na treni ya moja kwa moja huchukua takriban saa tano. Ukigawanya unapata kama 94. Ile inayosimama Mariakani, Voi, Mtito Andei na kwingineko iko chini zaidi.

Mimi hukaa dirishani na simu na daftari. Nguzo ya kilomita ikigusa ukingo wa dirisha, nabonyeza; ikija ya mbele, nabonyeza tena. Chukua 3,600 ugawe kwa sekunde ulizopata: sekunde 30 ni kasi ya 120, 36 ni 100, 45 ni 80. Ila kilomita moja haitoshi. Kidole kikichelewa sekunde moja tu, 120 inakuwa 116. Pima kilomita tano mfululizo, na kosa lilelile halifiki hata kilomita moja kwa saa. Programu za GPS nazo zinafaa, mradi simu iwe karibu na kioo na uhifadhi safari nzima, maana mawimbi yakikatika namba huruka ovyo.

Kosa lililonipotezea safari kadhaa ni kuandika kasi badala ya saa. Nilikuwa najumlisha kasi za vipande na kugawa kwa idadi yake. Si sahihi hata kidogo! Treni ikienda kilomita 60 kwa kasi ya 120, kisha 60 nyingine kwa kasi ya 60, wastani si 90. Imetumia dakika 90 kwa kilomita 120, yaani 80.

Kwa hiyo kila stesheni andika saa ya kufika na saa ya kuondoka, kila moja peke yake. Reli ni ya njia moja, treni hupishana stesheni, na bila saa hizo mbili huwezi kujua kama dakika zimepotea kwenye mwendo au kwenye kusubiri. Kwenda na kurudi pia viandike kando: kutoka Mombasa treni inapanda zaidi ya mita 1,500 kabla ya kuingia Nairobi.