Tuanze na paa

Swali la wiki lilikuwa: Mombasa ifanye jambo gani kwanza ili watu wahimili joto la Januari hadi Machi? Najua wengi watajibu miti, na mimi naitaka miti. Lakini mti hungoja miaka, na mpangaji wa chumba kimoja mtaa wa Majengo hana hata pa kuuchimbia shimo. Jibu langu ni paa.

Mimi ni fundi wa paa. Ikifika saa nne asubuhi huwezi kupiga goti juu ya bati bila kutanguliza ubao. Joto hilo lote linashuka chumbani. Jua likizama, bati lenyewe hupoa upesi, utalisikia likilia ta, ta, ta. Bloku za ukuta, sakafu na godoro ndivyo vilivyonywa joto mchana kutwa, na huanza kulitoa watu wakitaka kulala. Saa sita usiku maji ya jerikani yangali vuguvugu. Mama anatandika mkeka ukumbini, mlango wa uani wazi, awalaze watoto hapo. Hewa yetu ina unyevu mwingi, jasho halikauki, na mwili usiopumzika usiku ndio unaoanguka kesho yake juani.

Makuti hayakuwa na shida hii, ila yanashika moto na kila baada ya miaka michache yanataka kuezekwa upya. Sitamlaumu aliyehamia mabati. Namwomba ayapake nyeupe. Mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na urembo wa buluu. Kuta zikapendeza. Rangi hiyohiyo nyeupe ingefaa zaidi juu, kwa sababu jua letu la utosi hupiga paa kuliko ukuta. Ahmedabad, India, baada ya joto lililoua watu wengi Mei 2010, waliandaa mpango wa mji wa kukabili joto mwaka 2013, na baadaye wakaingiza upakaji wa paa nyeupe kwenye nyumba za maskini.

Lakini rangi peke yake haitoshi. Siku hizi watu wanaziba kabisa ule mwanya kati ya ukuta na paa, kwa hofu ya wezi na mbu. Hewa ya moto hupanda, ikikosa pa kutokea inabaki kichwani pako. Acheni mwanya, mtie wavu. Na anayeweza, aweke dari. Na paa lioshwe, maana vumbi na moshi wa malori huifanya nyeupe kuwa kijivu, ikaanza kunyonya joto tena.

Ugumu ni nani alipe. Mombasa nyumba nyingi ni za mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Mwenye nyumba anayeweza kuambiwa abomoe hatii pesa kwenye dari, na mpangaji akipaka mwenyewe anaogopa kupandishiwa kodi. Hapo ndipo kaunti inapotakiwa: igawe rangi, na makubaliano yaandikwe kwamba kodi haitapanda kwa sababu ya paa.

Ianze na madarasa ya chekechea na zahanati, kwa kuwa hizo ziko chini yake kikatiba na hakuna mwenye nyumba wa kubembelezwa. Kazi ifanywe Desemba, mvua za vuli zikikatika na bati likiwa kavu, ili Januari ikifika watoto wawe tayari chini ya paa jeupe.